Kazi Kumi na Mbili za Herakles: Uchore Kabla ya Pambano, Katikati, au Baada Yake?

Mchoraji akikabidhiwa hadithi ya Herakles, kitu cha kwanza anachowaza ni mtindo: wino au rangi za maji, mistari minene au myembamba, sura za kikatuni au za kweli. Mimi nasema mtindo ungoje. Kwanza amua utachora dakika ipi. Kila moja ya kazi zile kumi na mbili ina dakika ya kabla ya pambano, ya pambano lenyewe, na ya baada yake, na picha moja hubeba dakika moja tu.

Nilijifunza hilo kwa kurudia kazi. Mchapishaji mmoja alinipa hadithi hii niichoree kitabu cha wanafunzi wa shule ya msingi, picha kumi na mbili, kila moja na ukurasa wake. Nikachora mapambano kumi na mawili. Kila picha niliipenda ilipokuwa peke yake mezani. Siku ya kuzitandaza zote sakafuni nikamwona mwanamume yuleyule, rungu juu, mnyama kinywa wazi, mara kumi na mbili. Ukiyafunika maandishi hujui ipi inatangulia na ipi ni ya mwisho, wala hujui kama mtu huyu amezeeka, amechoka, au ana lolote linalomsumbua moyoni. Saba nilizichora upya. Nikaanza kutazama Wagiriki wenyewe, na wale waliokuja baadaye, walichagua dakika gani, na kila uchaguzi ulimpa mtazamaji nini na kumnyima nini. Hayo ndiyo ninayolinganisha hapa, kwa ajili ya mwenzangu ambaye bado hajaanza kuchora.

Tukumbushane kisa kwanza, maana uchaguzi wote unatoka humo. Herakles, ambaye Warumi walimwita Hercules, ni mwana wa Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, na mwanamke wa duniani, Alkmene. Hera, mke wa Zeus, alimchukia tangu kabla hajazaliwa. Baadaye akamtia wazimu, na katika wazimu huo Herakles akawaua watoto wake mwenyewe aliozaa na Megara. Akili ilipomrudia alikwenda Delphi, kwenye hekalu la uaguzi, kuuliza afanye nini, akaambiwa akamtumikie Eurystheus, mfalme wa Tiryns, na atende kila atakaloagizwa. Apollodoros, ambaye kitabu chake ndicho kinachotupa kisa hiki kwa utaratibu tuliouzoea, anasema kazi zilikuwa kumi na zilichukua miaka minane na mwezi mmoja. Lakini Eurystheus alizikataa mbili: ya joka la Lerna kwa kuwa Herakles alisaidiwa na Iolaos, mtoto wa ndugu yake, na ya mazizi ya Augeias kwa kuwa alidai ujira. Ndipo akaongezewa mbili nyingine.

Kwa hiyo hizi si safari za kuwinda. Ni adhabu ya baba aliyewaua wanawe. Mchoraji akilisahau hilo atamchora Herakles akitabasamu kila ukurasa, na msomaji atafika mwisho bila kujua mtu huyu alikuwa akilipa nini.

Ndege wa Stymphalos: kazi moja, dakika tatu

Tuanze na kazi moja iliyochorwa na kuchongwa kwa njia zote tatu, ili tofauti zionekane bila kubahatisha. Ndege wabaya walijaa kwenye ziwa la Stymphalos, katika msitu mnene. Athena, mungu wa kike aliyemsaidia Herakles, alimpa njuga za shaba zilizofuliwa na Hephaistos, mungu wa wahunzi. Akazitikisa mlimani, ndege wakaruka kwa hofu, akawapiga mishale.

Dakika ya kabla iko kwenye sanamu ya Antoine Bourdelle, Mfaransa, ya mwaka 1909. Herakles amechuchumaa, mguu mmoja ameukanyagia mwambani, mwili wote umejipinda kama upinde anaouvuta. Ndege hawamo kabisa. Unamtazama mtu anayetazama juu, nawe macho yako yanafuata. Nguvu yote ya sanamu hii ipo katika kile ambacho bado hakijatokea.

Dakika ya katikati ipo kwenye mtungi wa Athens wa karne ya 6 KK, ulioko British Museum, London. Hapa Herakles hana hata upinde, ana kombeo. Mbele yake ndege wametapakaa, shingo ndefu kama za mabata, wengine wanaruka, wengine wanaporomoka, na mchoraji amewapa rangi tofauti ili wasichanganyike. Ni picha yenye kelele. Mtoto akiitazama anaanza kuhesabu ndege, na akianza kuhesabu ujue umempata.

Dakika ya baada imechongwa kwenye bamba la marumaru la hekalu la Zeus kule Olympia. Pambano limekwisha. Athena ameketi juu ya mwamba, hana viatu, anaonekana kama msichana wa kijijini aliyepumzika njiani. Amegeuka kumpokea Herakles, ambaye amesimama na kunyoosha mkono kumpa ndege aliowaua. Ndege wenyewe wamevunjika na kupotea, umebaki ule mkono ulionyooshwa na ile shingo iliyogeuka. Hata hivyo unaelewa kila kitu: huyu amerudi, huyu alikuwa akimngoja.

Ukiniuliza ipi ni bora, nitakuuliza nawe picha inakwenda wapi. Ya Bourdelle ingefaa jalada, kwa sababu jalada kazi yake ni kumfanya mtu afungue kitabu. Ya mtungi ingefaa ukurasa wa watoto wadogo. Ya Olympia ndiyo ningeiweka katikati ya kitabu cha kurasa nyingi, msomaji akiwa ameshachoka na vita na anataka kujua hawa ni watu wa namna gani. Kwa ndege hawa mimi nilichagua ya Olympia, na sikujuta.

Simba wa Nemea: mieleka au kushika tama

Hapa ndipo tofauti ilinigusa zaidi, nami nitakaa kidogo.

Wachoraji wa vyungu wa Athens walimpenda simba huyu kuliko mnyama mwingine yeyote wa Herakles. Mmoja wao, Psiax, alimchora katika mtungi wa miaka ya 520 hadi 510 KK ambao leo uko Brescia, Italia. Herakles na simba wamekabana. Miili imefungamana mpaka kwa jicho la haraka unaona umbo moja zito jeusi, kisha polepole unaanza kutenganisha mkono wa mtu na mguu wa mnyama. Pembeni wamesimama Athena na Iolaos. Silaha hazina kazi, kwa sababu ngozi ya simba huyu haipenyeki. Lazima akabwe koo mpaka roho imtoke. Psiax alielewa kwamba ukilichora pambano hili huku mtu na simba wameachana, mmoja huku na mwingine kule, umeshaharibu. Kazi hii ni ya kukumbatiana kufa na kupona.

Sasa njoo Olympia. Hekalu lilimalizika karibu mwaka 457 KK, na kazi kumi na mbili zilichongwa kwenye mabamba ya marumaru yenye kimo cha karibu mita 1.6, sita juu ya ukumbi wa mbele na sita juu ya ule wa nyuma. Katika bamba la kwanza simba ameshakufa. Amelala chini, amelegea. Herakles, kijana asiye na ndevu, ameweka mguu juu ya mzoga, kiwiko kimeegemea goti, na kichwa kimeegemea mkono. Ameshika tama. Nani kwetu haujui mkao ule? Ni mkao wa mtu aliyepata habari mbaya, wa mama anayesubiri nje ya wodi, wa mkulima anayetazama shamba lililokauka. Mchongaji alikuwa na simba wa kutisha mkononi mwake, akaamua kumlaza chini ili tumtazame mtu. Na hii ni kazi ya kwanza! Zimebaki kumi na moja, naye amechoka taabani tayari.

Mtungi wa Psiax unakuambia Herakles ana nguvu. Bamba la Olympia linakuambia nguvu hizo zinamgharimu. Vyote ni kweli, lakini ukurasa ni mmoja.

Kwa kitabu chenye picha moja tu ya simba, kama ensaiklopedia ya watoto au kadi ya kujifunzia, chora mieleka. Msomaji anataka kujua kazi ilikuwa nini. Kwa mfululizo wa picha kumi na mbili, chora kushika tama. Pambano litasimuliwa na maandishi, na maandishi yanaliweza. Yasichokiweza ni ule mkono shavuni.

Onyo moja kwa wenzangu wa Afrika Mashariki. Simba tunamjua sana, kwa hiyo tunapenda kumchora vizuri kupita kiasi: manyoya, misuli ya bega, macho. Nilifanya hivyo, na matokeo yake simba akawa ndiye shujaa wa ukurasa, Herakles akabaki kama mtu aliyepita njia.

Joka la Lerna: hofu au utaratibu

Kwa joka hili ushauri wangu unageuka, na dakika ya baada siitaki kabisa.

Gustave Moreau, mchoraji Mfaransa, alionyesha mchoro wake wa Herakles na joka mjini Paris mwaka 1876. Leo upo Art Institute of Chicago. Ni turubai kubwa, kimo karibu mita 1.8, na ndani yake hakuna pigo hata moja. Herakles amesimama upande mmoja, kijana, mtulivu, karibu mdogo. Joka limesimama wima likiwa na vichwa saba. Chini, katika tope la giza, imelala miili ya waliokuja kabla yake. Miili ile ndiyo inayosimulia: kila mmoja wao alisimama pale aliposimama Herakles. Hofu ya namna hiyo huipati kwa kuchora damu inaruka.

Lakini Moreau alikuwa na turubai ya kumzidi mtazamaji kimo, na ukurasa wako una sentimita ishirini. Giza lile likipunguzwa linakuwa doa. Tena kuna jambo ambalo dakika ya kabla haiwezi kulieleza hapa hata kidogo: namna kazi ilivyofanyika. Joka la Lerna halikushindwa kwa nguvu. Ukikata kichwa kimoja vinaota viwili, mpaka Iolaos alipokuja na vijinga vya moto akawa anaunguza kila shingo iliyokatwa. Kichwa cha katikati kilikuwa hakifi. Herakles alikifukia na kukikandamiza kwa jiwe. Usipomchora Iolaos na moto wake, hujaichora kazi hii, umechora mtu na nyoka. Tena msaada huo ndio uliomfanya Eurystheus aikatae, kwa hiyo ukimwacha Iolaos nje msomaji hataelewa kwa nini kazi zilizidi kumi.

Kuna mtungi wa maji wa karne ya 6 KK, uko katika jumba la Getty huko California, ambao unalifanya hili vizuri: joka katikati limejitandaza kama mti wenye matawi, Herakles upande mmoja, Iolaos upande wa pili, na chini yumo yule kaa aliyetumwa kumuuma Herakles mguu. Macho yako yanazunguka picha nzima kabla ya kuondoka. Kama unachora katuni ya fremu, uko katika bahati zaidi: fremu ya kwanza pigo, ya pili vichwa viwili vinachipua, ya tatu moto. Hakuna kazi nyingine kati ya hizi inayotaka fremu kama hii.

Idadi ya vichwa isikunyime usingizi. Apollodoros anasema tisa, Moreau alichora saba, na Pausanias, aliyezunguka Ugiriki katika karne ya 2 BK, alidhani nyoka huyo alikuwa na kichwa kimoja tu, na kwamba washairi ndio waliomwongezea. Chagua namba moja uishike kitabu kizima.

Zilizobaki

Paa wa Keryneia alifukuzwa mwaka mzima na hakutakiwa kuuawa. Pambano halipo, usilibuni. Chora dakika Herakles amembeba mabegani, anakutana na mungu wa kike Artemis, mwenye mnyama, ambaye amekasirika. Ni mazungumzo, na mazungumzo huchorwa kwa mikono na macho.

Mazizi ya Augeias: maji. Aliagizwa kuyasafisha samadi, akaelekeza mito ya Alpheios na Peneios ipite ndani yake, kwa siku moja. Kule Olympia bamba hili lilikuwa na maana ya pekee, kwani Alpheios unapita jirani na hekalu na nchi ile ya Elis ndiyo iliyokuwa ya Augeias. Athena anaonyesha kwa mkono, Herakles anasukuma kwa mti. Kwa kitabu, ninapendelea dakika ya baada: mazizi meupe, yanang'aa, yamelowa, na ng'ombe wameduwaa.

Fahali wa Krete, chora katikati. Hana cha zaidi. Waliochonga Olympia waliwapishanisha mtu na fahali kama mbao mbili zilizopigiliwa msalaba, na mpaka leo sijaona mpangilio ulio bora. Farasi wa Diomedes walikula watu. Kwa watoto, chora kabla, na hori lenye kitu usichokionyesha. Nguruwe wa Erymanthos ana dakika yake ya baada ambayo Wagiriki waliirudia tena na tena: Herakles amembeba juu ya bega na Eurystheus amejificha kwenye mtungi, vidole vyake tu na kichwa vinaonekana. Mshipi wa Hippolyte, malkia wa Waamazoni, na ng'ombe wa Geryon mwenye miili mitatu vinaweza kwenda upande wowote, kutegemea umekwishachora mapambano mangapi mpaka hapo. Hesabu, kisha amua.

Matunda ya dhahabu ya Hesperides, nenda Olympia tena. Herakles ameinua mikono kushikilia mbingu badala ya Atlas, jitu ambalo kazi yake ni kuibeba, wakati Atlas amekwenda kumletea matunda. Shingoni na mabegani ana mto uliokunjwa, kama ngata anayoitengeneza mtu kabla ya kujitwika mzigo. Atlas amesimama mbele yake anamwonyesha matunda. Nyuma, Athena ameinua mkono mmoja, kiganja kimefunguka, kumpunguzia uzito, naye hata hatoi jasho. Watu watatu wima, wametulia, na bado unauona uzito wa mbingu, kwa sababu ya ule mto. Mtu anayejitwika kitu chepesi hahitaji ngata.

Sasa ndiyo mtindo

Ukishapanga dakika zako, mtindo unakuwa rahisi kuamua, na hapa kuna kitu kimoja kinacholinganisha kuliko maelezo yangu yote. Ni mtungi wa miaka ya 520 hadi 510 KK ulioko Munich, Ujerumani. Pande zake mbili zimechorwa jambo lilelile: Herakles amejilaza kitandani anakunywa, Athena amesimama mbele yake. Upande mmoja umechorwa kwa mtindo wa zamani, watu weusi juu ya udongo mwekundu. Upande wa pili ni wa mtindo uliokuwa ndiyo kwanza unazaliwa Athens, watu wekundu na nyuma yao weusi.

Katika mtindo wa watu weusi, fundi anajaza umbo zima kwa udongo laini ulioyeyushwa majini, ambao ukichomwa unakuwa mweusi, kisha anakwaruza mistari ya ndani kwa ncha kali: misuli, nywele, mikunjo ya nguo. Mstari wa kukwaruza ni mwembamba, mkali, haufutiki. Wanawake huongezewa nyeupe. Kinachosomeka ni umbo kwa ujumla. Katika mtindo wa watu wekundu mambo yanapinduliwa: anachora mistari kwa brashi, mwili unabaki rangi ya udongo, na nyuma ndiko kunakojazwa nyeusi. Mstari wa brashi unanenepa na kukonda, unaweza kupauka. Huko Munich, upande mweusi una watu zaidi, mungu Hermes na mtumishi wamo. Upande mwekundu wamebaki Herakles na Athena peke yao, na ghafla inakuwa faragha.

Kinachowezekana kwa brashi alikionyesha Euphronios, mchoraji wa vyungu wa Athens, miaka michache tu baadaye, kwenye chungu kikubwa kilichoko jumba la Louvre, Paris. Herakles anapigana mieleka na Antaios, jitu alilokutana nalo njiani alipokwenda kutafuta matunda ya dhahabu. Nywele na ndevu za Herakles ni vidoti vidogo vilivyoinuka, vimepangwa safi. Za Antaios ni matimutimu, rangi ya kahawia iliyopauka. Meno ya Antaios yanaonekana. Halafu tazama mkono wake wa kulia: vidole vimelegea, havishiki kitu tena. Jitu zima bado linapigana, lakini mkono umeshajua. Ndiyo njia pekee niliyoiona ya kuchora katikati ya pambano na kuingiza mwisho wake humohumo, na ukiwa huna budi kuchora pambano, iibe njia hiyo.

Kwa hiyo: ukiwa umechagua dakika nyingi za katikati, na kitabu kinachapwa rangi moja au kitatolewa fotokopi shuleni, umbo jeusi lililokwaruzwa litakuokoa. Linastahimili karatasi mbaya, wino hafifu na skrini ndogo ya simu. Ukiwa umechagua dakika nyingi za baada, ambazo hadithi yake iko kwenye macho na vidole, umbo jeusi litakunyima, unahitaji mstari.

Rangi nyingi na vivuli vizito ni suala la umbali kuliko la uzuri. Sebald Beham, Mjerumani, alichonga kazi za Herakles kwenye bamba za kuchapia kati ya 1542 na 1548, kila picha ndogo, haizidi kadi ya benki. Zimejaa mistari, kila unyoya upo, kwa sababu mtu alikuwa anazishika mkononi karibu na pua. Francisco de Zurbarán alilipwa mwaka 1634 kuchora picha kumi za Herakles kwa ukumbi mkubwa wa jumba la Buen Retiro, Madrid, na zilikwenda kutundikwa juu ya madirisha. Akafanya kinyume: mtu mmoja, mkubwa, mapaja mazito, nyuma giza, anayetazamwa kutoka chini. Ukizibadilisha mahali zote mbili zinakufa. Kabla hujanunua hata karatasi, uliza picha itashikwa, au itatundikwa, au itavutwa kwa kidole kwenye simu.

Jambo la kuangalia kwa wanaochora mfululizo: ngozi na umri. Msomaji humtambua Herakles kwa rungu na ngozi ya simba. Lakini je, anaweza kuivaa ngozi hiyo akiwa anapigana na simba wa Nemea? Ukifuata simulizi ya wengi, ngozi ni ya simba huyo huyo, kwa hiyo picha ya kwanza lazima awe hana. Ukimfuata Apollodoros, alikwishaivaa ngozi ya simba mwingine, wa mlima Kithairon, aliyemuua akiwa kijana. Zote mbili zinakubalika. Kuchanganya ndiko kusikokubalika. Na ile miaka minane ichore. Olympia alianza bila ndevu, baadaye anazo. Mimi nilimpa kovu moja kila baada ya kazi mbili, na mabega yanayoinama kidogo kidogo, jambo ambalo watoto waliligundua kabla ya mhariri.

Kerberos

Kazi ya mwisho ilinichukua muda kuliko zote. Aliagizwa kumleta mbwa wa kuzimu, akiwa hai. Mtungi mmoja wa karibu mwaka 530 KK, uliotengenezwa Caere huko Italia na sasa uko Louvre, unachora alipofika: mbwa mwenye vichwa vitatu, kimoja cheusi, kimoja cheupe, kimoja chekundu, nyoka wameinuka mwilini mwake, na Eurystheus amezama ndani ya mtungi mkubwa, mikono hewani. Ni picha nzuri mno, yenye uhai, na nilitaka kuinakili kama ilivyo. Kwa mtu anayechora picha moja tu ya Herakles katika maisha yake, hiyo ndiyo ningempa.

Lakini nilikuwa nimeshamtia Eurystheus mtungini kwenye ukurasa wa nguruwe. Nikarudi kwa Apollodoros, na nikakuta mstari mfupi ambao sijauona ukichorwa: Herakles alipokwisha kumwonyesha Eurystheus yule mbwa, alimrudisha kuzimu.

Basi picha ya kumi na mbili ndiyo hiyo. Herakles anaonekana kwa nyuma, kwenye njia inayoteremka, ndevu zimeota mvi mbili tatu, rungu amelikokota. Mbwa anatembea pembeni yake, vichwa viwili vinatazama mbele, kimoja kimegeuka kumtazama yeye. Kamba iliyo kati yao imelegea.